Kwa Nini Hofu Hunenepa Inapokimbiwa

Katika zahanati na hospitali zetu yupo mgonjwa ambaye wauguzi wa mapokezi wamekwisha kumzoea. Anafika anahema, kashika kifua, anasema moyo unamwenda mbio, vidole vimekufa ganzi na anahisi anakata roho. Anapimwa presha, sukari, malaria, na kama mashine ipo anapimwa umeme wa moyo. Majibu yakitoka anaambiwa maneno mawili: "Huna kitu." Anarudi nyumbani na aibu yake. Haupiti muda mrefu, yuko tena kwenye benchi lile lile.

Ana kitu. Kinaitwa shambulio la hofu, na kinapojirudia hadi kikamtawala mtu huingia katika kundi la maradhi yanayoitwa magonjwa ya wasiwasi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na maradhi hayo. Hakuna maradhi ya akili yanayowapata watu wengi zaidi ya hao, hata sonona. Na katika kila watu wanne wenye nayo, ni mmoja hivi tu anayepata matibabu, ilhali haya ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayotibika vizuri.

Sababu mojawapo ya pengo hilo ni uchache wa wataalamu, na hilo linajulikana. Nyingine haisemwi sana: busara yetu ya kila siku humwelekeza mgonjwa upande usiofaa. Mtu akiogopa kitu, tunamwepusha nacho. Mtoto akimlilia mbwa, tunabadilisha njia. Dada akisema hawezi kupanda lifti, tunapanda naye ngazi. Ni huruma, tena ya kweli. Ila kwa maradhi haya, kuepusha ndiko kunakoyalisha, na mtu asipolielewa hilo ataona matibabu yote ya hofu kuwa ni ukatili au mzaha.

Hofu isiyo na ugonjwa

Uko shambani Kitui, majani yanachakarika karibu na mguu. Kabla hujajua kama ni nyoka au mjusi, umekwisha kuruka. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo amigdala ambayo hupokea dalili za hatari na kupiga mbiu kabla sehemu zinazofikiri hazijamaliza kutazama. Tezi zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi, pumzi zinafupika, damu inapelekwa kwa wingi kwenye misuli ya mapaja na mikono, jasho linatoka, na kazi ya kusaga chakula inasimamishwa, ndiyo maana tumbo huvuruga asubuhi ya mtihani. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliyaeleza haya mwaka 1915 kuwa ni matayarisho ya mwili ya kupigana au kukimbia. Ukishaona kuwa ni mjusi, mwili hutulia wenyewe baada ya dakika chache.

Na nyoka anastahili kuogopwa. WHO hukadiria kuwa kuumwa na nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa watu wa vijijini Afrika na Asia. Nalisema hili kwa sababu maelezo mengi ya fobia, yaani hofu iliyogeuka ugonjwa, yameandikwa na watu wa nchi ambako nyoka huonekana kwenye runinga tu. Huku kwetu hofu nyingi zina hoja. MV Bukoba ilizama Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011, MV Nyerere Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Mtu wa visiwani anayekataa kupanda kivuko kilichofurika watu na mizigo hana fobia yoyote. Ana akili, na laiti wengi zaidi wangekuwa nayo.

Mambo hubadilika pale mtu huyo asipoweza kupanda hata chombo kizuri, siku ya bahari shwari, chenye maboya ya kutosha. Ameacha kazi aliyopata Unguja. Amekosa mazishi ya baba yake. Picha ya meli kwenye kalenda inamtoa jasho. Wanaopima ugonjwa hutazama kama hofu imezidi hatari iliyopo, kama imedumu (kwa fobia miongozo hutaja miezi 6 au zaidi), na imemgharimu nini katika maisha yake. La tatu ndilo zito. Mtu anayeogopa papa naye anaishi Dodoma hahitaji daktari.

Sura zake

Fobia mahususi ndiyo inayojulikana zaidi: hofu ya kitu kimoja, iwe mbwa, buibui, urefu, radi, giza au lifti. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zinaonyesha kuwa watu kama asilimia 7 huipata wakati fulani maishani, mara nyingi tangu utotoni. Wengi hawaendi popote kutibiwa. Wanajipangia maisha yanayokizunguka kile kitu, na mipango hiyo ikiwa haiwasumbui sana, basi tena.

Wasiwasi wa kijamii ni jambo jingine, na kwa maoni yangu ndio unaofichika zaidi katika jamii zetu. Msichana asiyeinua macho, asiyekula mbele ya wageni, asiyezungumza hadi aulizwe, tunamsifu kwa adabu. Pengine ni adabu kweli. Pengine kila anapofungua kinywa anaona mahakama. Mwenye maradhi haya hukwepa kusoma kwa sauti darasani, hukwepa kupiga simu, huogopa kutia sahihi mbele ya karani wa benki kwa sababu mkono utatetemeka na karani ataona. Akitoka harusini hulala macho akirudia kila neno alilosema. Maradhi haya huanza katika miaka ya ujana, wakati ambapo kukaa kimya kunaanza kugharimu: maksi za kujieleza, usaili wa kazi, uchumba. Wengine hugundua kwamba bia mbili hulegeza ulimi, na hapo tatizo la pili linazaliwa juu ya la kwanza.

Kuna wasiwasi wa jumla, ambao hauna kitu kimoja unachokiogopa. Leo ni ada ya mtoto, ikilipwa ni kikohozi cha mtoto, kikipona ni bosi aliyepita bila kusalimia. Mtu mwenye dhiki ya kweli akipata fedha hupumua. Huyu hapumui, kwa sababu wasiwasi unahamia kwingine kabla ya saa kwisha. Hali hii ikidumu miezi 6, siku nyingi kuliko zisizo nayo, ikaja na usingizi wa mang'amung'amu, shingo iliyokakamaa, hasira za haraka na uchovu, ni ugonjwa. Katika vituo vya afya haiji kwa jina lake. Inakuja kama "mwili mzima unauma", kama gesi tumboni, kama vidonda vya tumbo ambavyo dawa zake zimekwisha bila nafuu.

Kwa ajili ya kuweka mambo sawa: ugonjwa wa kurudiarudia vitendo, kama kunawa mikono mara hamsini, na ule unaofuata mikasa kama vita au ubakaji, zamani yaliwekwa katika kundi hili. Mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani uliyatenga mwaka 2013. Magonjwa hayo mawili yana undugu na haya, ila yana matibabu yake.

Ndani ya basi la mwendokasi

Shambulio la hofu linahitaji kutazamwa polepole, maana ukilielewa hilo moja, mengine yote yanafunguka.

Tuseme kijana yumo kwenye basi la mwendokasi linaloelekea Kimara, saa kumi na moja jioni. Joto, watu wamebanana, hajala tangu asubuhi. Moyo unapiga pigo moja la ajabu, jambo ambalo kila moyo hulifanya mara kwa mara bila mwenyewe kujali. Leo analisikia. Wazo linampitia: ni moyo huu, jirani yetu alianguka hivi hivi. Wazo hilo ni hatari, na mwili haubagui kati ya hatari iliyoko nje na iliyoko kichwani. Adrenalini inamwagwa. Moyo sasa unakwenda mbio kweli, naye anaona ushahidi kuwa alikuwa sahihi.

Anaanza kuvuta pumzi kwa haraka, kwa kuwa anahisi hewa haitoshi. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Oksijeni anayo tele; anachopoteza ni kabonidayoksaidi, anayoitoa kupita kiasi kwa kuhema. Gesi hiyo ikipungua mwilini, damu hubadilika kiasi cha tindikali yake na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa. Kizunguzungu. Macho yanaona kama kwa mbali. Ganzi na mchonyoto vinaingia kwenye ncha za vidole na kuzunguka midomo, kifua kinabana kwa sababu misuli ya mbavu imechoka. Kila dalili mpya inaonekana kuwa hatua nyingine kuelekea kaburini, na kila hatua inaleta hofu mpya. Mwanasaikolojia wa Uingereza, David Clark, aliuchora mzunguko huu mwaka 1986: kinachowasha moto ni tafsiri mbaya kupita kiasi ambayo mtu anaipa hisia ya mwili wake.

Mzunguko huo una mwisho wake. Hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache, mara nyingi chini ya 10, kisha huanza kushuka, hata mtu asipofanya lolote. Mwili hauwezi kukaa katika hali ile muda mrefu. Shambulio lenyewe haliui wala halimtii mtu wazimu.

Kijana wetu lakini hakusubiri. Alipoona mlango wa kituo cha Shekilango unafunguliwa, alisukuma watu akashuka. Nje, upepo ukampiga, akapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyomharibia. Hofu ilikuwa karibu kushuka yenyewe, ila ubongo umeandika somo jingine: nimepona kwa sababu nimeshuka. Kesho atasimama karibu na mlango. Wiki ijayo atapanda bodaboda badala ya basi. Kisha atataka kaka yake amsindikize. Baada ya mwaka huenda hatoki nyumbani isipokuwa kwa lazima, hali inayoitwa agorafobia, ambayo daktari Carl Westphal aliieleza mwaka 1871 akiwa Berlin, alipowaona wanaume wazima wasioweza kuvuka uwanja wa wazi mjini bila kusindikizwa.

Hapa pana tahadhari ambayo sitaki msomaji airuke. Maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40 au mwenye presha au kisukari, ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Makala haya hayawezi kumpima mtu moyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na hitilafu za mapigo ya moyo huweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na hizi. Vivyo hivyo dawa ya pumu ya kuvuta, kahawa nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu, na miraa. Majani yale yana kathinoni, kemikali yenye undugu na amfetamini, dawa inayosisimua mwili, na mtu aliyekesha akitafuna asishangae moyo kumdunda alfajiri. Vipimo ni vya lazima mwanzoni. Tatizo ni kuvirudia mara ya nane.

Hofu hujifunzwa vipi

Wahenga wetu walilijua jambo hili: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1920, John Watson na Rosalie Rayner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha jaribio lililothibitisha maneno hayo kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa. Walimchukua mtoto wa miezi 11 waliyemwita Albert, ambaye alikuwa akicheza na panya mweupe bila shaka yoyote. Kila alipomgusa panya, walipiga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake. Baada ya kurudia mara kadhaa, mtoto alimlilia panya peke yake, bila kelele. Kisha akamwogopa sungura, mbwa, na koti la manyoya. Hofu ilikuwa imesambaa hadi kwenye ung'ongo. Mtoto aliondoka hospitalini bila yeyote kuiondoa.

Hata hivyo hofu hazijifunzwi zote kwa urahisi sawa. Miaka ya 1980 huko Marekani, Susan Mineka na wenzake walichukua nyani waliolelewa maabara, wasiomwogopa nyoka. Waliwaonyesha nyani wa porini wakimhofu nyoka, na kwa muda mfupi tu wale wa maabara nao wakaanza kumhofu, bila kuumwa. Walipowaonyesha mkanda uliohaririwa ili nyani aonekane anaogopa maua, hawakujifunza kuyaogopa. Yaelekea ubongo umezaliwa tayari kuzipokea hofu fulani, zile zilizowaua mababu zetu. Ndiyo maana fobia ya nyoka na urefu ni za kawaida, na fobia ya pikipiki ni nadra, ingawa ukitembelea wodi za mifupa za hospitali yoyote kubwa hapa kwetu utaona ni kipi kinachotuvunja.

Jaribio la nyani linawagusa wazazi pia. Mtoto hahitaji kung'atwa. Inatosha kumwona mama akipanda kiti kila panya anapopita. Juu ya hayo, sehemu ya mwelekeo wa wasiwasi hurithiwa katika damu, na wengi wenye fobia hawakumbuki tukio lolote lililoianzisha. Kumtafutia mgonjwa chanzo kwa miaka kunaweza kumpa hadithi nzuri asipone.

Mkopo wa kausha damu

Swali lenye faida zaidi kwa hiyo ni kwa nini hofu haiishi. Mwaka 1947 mwanasaikolojia O. Hobart Mowrer alitoa jibu ambalo bado linasimama kwa sehemu kubwa. Hofu huingia kwa njia moja na kudumu kwa nyingine. Kila mtu anapokwepa, hofu inashuka papo hapo, na kushuka huko ni tuzo. Tunarudia kinachotutuza. Tena kwa kukwepa hatupati kamwe nafasi ya kuona kwamba kile tulichokitarajia kisingetokea.

Ni mkopo wa kausha damu. Fedha unaipata leo, bila dhamana, bila maswali, na mzigo unashuka mabegani. Riba inakuja kesho, na ili uilipe inabidi ukope tena, kiasi kikubwa zaidi.

Lugha yetu ina methali inayomtetea mkwepaji: kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Palipo na jiwe linalorushwa, kunguru yuko sahihi. Anakosea anapoendelea kuruka miaka mitano baada ya watoto wenye manati kuhama mtaa.

Tena kukwepa hakuishii kwenye kukimbia. Kuna kukwepa kwa siri, ambako mgonjwa mwenyewe hakutambui: chupa ya maji isiyotoka mkononi, kidonge mfukoni "kwa dharura", kukaa kiti cha mwisho karibu na mlango wa kanisa, kutazama simu karamuni ili asisemeshwe, kujishika mapigo ya moyo kila baada ya dakika. Vitu hivi huiba ushindi. Mtu anafika salama, halafu sifa anaipa chupa.

Jamaa nao humo wamo. Mama anayemjibia mtoto kila akiulizwa jina, mume anayefanya manunuzi yote ya sokoni, rafiki anayeulizwa mara kumi kwa siku "unadhani si saratani hii?" na akajibu kwa upole kila mara. Kumtuliza mtu mara moja ni wema. Mara ya kumi majibu yamekuwa dawa inayoisha nguvu ndani ya robo saa, na mgonjwa anarudi kuomba nyingine.

Damu na sindano

Kabla ya matibabu, niseme juu ya fobia moja inayokiuka kanuni. Katika hofu karibu zote presha hupanda, na kwa sababu hiyo mtu mwenye shambulio la hofu ni nadra kuzimia, hata anapoapa kwamba anazimia. Anayeogopa damu, majeraha na sindano huzimia kweli. Presha yake hupanda kidogo, halafu hushuka ghafla pamoja na mapigo ya moyo, damu inapungua kichwani, anaanguka. Hofu hii huonekana sana kifamilia.

Madhara yake si ya kuchekesha. Kuna watu wazima ambao hawajapima damu miaka mingi, wanawake wanaochelewesha kliniki ya ujauzito, wagonjwa wanaokataa insulini. Na ushauri wanaopewa, "jilegeze, vuta pumzi," ndio unaowaangusha, kwa sababu kulegea hushusha presha zaidi. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na wenzake walitengeneza njia iliyo kinyume: kaza misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa nguvu kwa sekunde 10 hadi 15, hadi uso uhisi joto, achia kwa sekunde 20 au 30 bila kulegea kabisa, kaza tena. Presha inapanda, kichwa kinabaki na damu. Mkono unaochomwa ndio tu unaoachwa huru. Njia hii haigharimu senti, na kila muuguzi wa maabara angeweza kuifundisha.

Kurudi kule kule

Miaka michache baada ya mkasa wa Albert, Mary Cover Jones alifanya kinyume chake. Mwaka 1924 aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, karibu miaka 3, aliyemwogopa sungura. Sungura aliwekwa mbali ndani ya kizimba wakati mtoto akila chakula anachokipenda, na polepole akasogezwa karibu, hadi Peter akampakata. Kwa muda mrefu hakuna aliyeitilia maanani kazi hiyo.

Aliyeigeuza kuwa tiba inayotumika hospitalini alitoka bara letu. Joseph Wolpe, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1915, alikuwa daktari katika jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Askari walioharibiwa na hofu ya vita walipewa dawa za kuwafanya waeleze yaliyowapata, na aliona hawaponi kwa hilo. Baada ya vita, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, alifanya majaribio kwa paka waliofundishwa kuogopa vizimba vyao. Aliwalisha katika chumba kisichofanana na kile cha mateso, kisha kinachofanana kidogo, kisha zaidi, mpaka wakala ndani ya kizimba chenyewe. Akaihamishia njia hiyo kwa watu, na mwaka 1958 akachapisha kitabu. Wolpe aliamini siri ni kumlegeza mgonjwa misuli wakati anakabili hofu. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kulegeza si lazima. Kinachotibu ni kukaa na kinachoogopwa muda wa kutosha bila kukimbia.

Kwa kijana wa mwendokasi, mtaalamu ataandika naye ngazi. Kukaa ndani ya basi lililosimama. Kwenda kituo kimoja saa tano asubuhi. Vituo vitatu. Jioni, na kaka. Jioni, peke yake, katikati ya basi, bila chupa ya maji. Kabla ya kila hatua anaandika anachotarajia: "nitazimia". Baadaye anaandika kilichotokea. Pengo kati ya maandishi hayo mawili ndilo linalofanya kazi, hata siku ambayo hofu haikushuka sana. Atafanyishwa pia mambo ya ajabu chumbani: kuhema haraka dakika nzima, kuzunguka kama pia, kupanda ngazi mbio, ili dalili zije kwa kuitwa na azione kuwa hazimdhuru. (Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu na mjamzito asijaribu hili bila daktari.) Kwa fobia mahususi Öst alionyesha kuwa kikao kimoja kirefu, cha hadi saa 3, kinaweza kutosha kwa wengi.

Kinachotenganisha tiba hii na mateso ni ridhaa. Kumburuta mtoto hadi kwa mbwa huku watu wanacheka si ngazi, ni chuma cha Watson.

Dawa zina nafasi. Zinazopendekezwa kwanza ni zile zitumikazo pia kwa sonona, kama sertralini na fluoksetini. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na katika siku za mwanzo zinaweza hata kuongeza wasiwasi, jambo ambalo mgonjwa asipoambiwa mapema huzitupa. Diazepamu ni habari nyingine. Hutuliza ndani ya saa moja, na kwa sababu hiyo inapendwa kupita kiasi katika maduka ya dawa. Ikinywewa kila siku kwa majuma, mwili huizoea na kuidai, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Pia, ukiitazama kwa jicho la Mowrer, ni chupa ya maji yenye nguvu zaidi.

Na maombi, visomo, mizizi? Wengi huanzia huko, na sioni faida ya kuwakejeli. Sala humpa mtu watu wa kukaa naye, na upweke ni mbolea ya wasiwasi. Ninachokihofia ni pale maelezo ya jini au kurogwa yanapokuja na masharti mapya: usivuke maji, usipite njia panda, usikae na watu wengi. Hayo ni kukwepa kulikotiwa muhuri. Sheikh au mchungaji anayemwombea mtu kisha akamwambia aende kliniki amefanya kazi kubwa kuliko makala kumi kama haya.

Kuhusu uchache wa wataalamu, Zimbabwe imeonyesha njia moja. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza Mbare, Harare, na bibi 14 wa mtaani, waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia watu kupanga matatizo yao na kuyatatua moja moja. Mwaka 2016 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la watu 573: baada ya miezi 6, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Benchi halitibu kila fobia, lakini wasiwasi wa jumla unaolelewa na madeni na ugomvi wa nyumbani linaumudu.

Kwa anayetaka kwenda kutibiwa sasa, hospitali za Muhimbili, Mirembe ya Dodoma, Kidongo Chekundu ya Unguja, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala ni majina yanayotisha watu bure. Sehemu kubwa ya kazi yao ni ya wagonjwa wa nje wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hospitali nyingi za rufaa nazo zina kliniki ya afya ya akili. Ukifika, eleza dalili zinakuja wapi na zinadumu dakika ngapi, na taja bila kuficha dawa, pombe, miraa na kahawa unazotumia. Kisha toa karatasi uliyoandika nyumbani kwa utulivu, ya vitu ulivyoacha kufanya tangu hofu ianze: basi, lifti, ibada ya Ijumaa au ya Jumapili, sokoni, simu, kula mbele za watu. Vipange kuanzia kilicho chepesi kukirudia hadi kilicho kigumu, maana mtaalamu ataanza na cha kwanza, huenda kwenye kikao cha pili tu.